Kifungu cha Nne na Kinyaa cha Bi Masijala

Kituo kizima cha afya kilimwita Bi Masijala, na hata mumewe, akitaka kumchokoza, alimwita hivyo hivyo mezani. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, kati ya maabara na choo cha wagonjwa, chenye dirisha dogo la kupokelea watu na makabati kumi na moja ya chuma yaliyojaa kadi. Alikitumikia miaka kumi na tisa. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwepesi wa miguu, mwenye mwandiko ulionyooka kama uliopigwa rula, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao madaktari wote wa pale waliujua na hakuna aliyejaribu kuutibu: kinyaa. Hakunywa maji kwenye glasi ambayo hakuiosha mwenyewe. Mtu akipiga chafya dirishani, kadi yake aliipokea kwa ncha za vidole viwili, kama anayemshika mjusi mkia. Mama mkwe wake alikuwa akisema kwamba kama mkwe huyu angeweza, angezaliwa amevaa glavu.

Sasa mtu kama huyo akaletewa panya.

Walianzia kabati la saba. Asubuhi moja alivuta droo kutafuta kadi ya mama mjamzito aliyekuwa amesimama dirishani, akakuta kadi zimetafunwa na kufanywa kiota, na katikati ya kiota vichanga sita vya panya, vyekundu, havina hata unywele, vikijinyonganyonga juu ya historia za watu. Harufu ya mkojo ilimpanda puani mpaka kwenye utosi. Alitapikia kwenye pipa la takataka, akanawa, akarudi dirishani akamwambia yule mama kwa heshima zote kwamba kadi yake haipo. Kesho yake alisimama mlangoni kwa daktari mfawidhi.

"Daktari, chagua. Panya au mimi."

Daktari mfawidhi alikuwa amekwisha kusikia habari za programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ila alikuwa mtu wa kesho kesho. Siku ile hakupata nafasi ya kusema kesho. Ndani ya miezi miwili kompyuta mbili ziliwekwa masijala, na ndani yake programu iliyoitwa Kadi.

Kadi ilikuwa programu huria. Maana yake, haikuwa na mwenyewe wa kuiuza. Yeyote aliweza kuichukua, kuufungua msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, na kuona ilivyoshonwa, kurekebisha palipoharibika, kisha kuyarudisha marekebisho yake ili wote wafaidi. Walioiandika walikuwa watu waliotawanyika huku na huko, wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso. Walikutana kwenye jukwaa lao mtandaoni na kuitana kwa majina ya utani.

Bi Masijala aliipenda kwa sababu moja tu: haikuliwa na panya. Lakini lugha yake ilikuwa balaa. Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani, programu iliandika kwa herufi nyekundu: Mgonjwa amefutwa. Akihamishiwa hospitali kubwa, iliandika: Mgonjwa ametupwa. Bibi mmoja aliyekuja kumchukua mumewe alichungulia dirishani akayasoma maneno yale, akakaa chini sakafuni akaanza kulia, na mzee mwenyewe wakati huo yuko wodini anafunga kamba za viatu.

Basi siku hiyo, saa ya chakula cha mchana, Bi Masijala aliingia kwenye lile jukwaa akaeleza shida. Aliyemjibu alijiita Nyundo.

"Hapa si dawati la malalamiko," aliandika Nyundo. "Kama hujui kuchangia, nyamaza uwaachie wanaojua."

"Samahani ndugu," akaandika yeye. "Kuchangia kunafanywaje?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu mahali popote hapakuwa pameandikwa. Kila mmoja alikuwa amejifunza kwa kutukanwa. Mwanamke wa makabati hakuelewa jinsi kazi ya watu wengi inavyoweza kwenda bila karatasi ya kueleza inavyokwenda. Akaanza kuuliza na kuandika, kuuliza na kuandika, miezi mitatu ya chakula cha mchana. Ukatoka Mwongozo wa Wachangiaji, kurasa tano. Sema ulichokikuta. Sema ulichokitarajia. Eleza hatua kwa hatua jinsi mtu mwingine atakavyoliona tatizo lile lile. Ukibadilisha kitu, andika umebadilisha nini na kwa nini, wala usiandike uongo. Mchango wa mtu usifungwe bila kuelezwa sababu. Mwanzilishi wa mradi, mhadhiri wa chuo ambaye wote walimwita Mwasisi, aliusoma akaubandika mbele ya kila kitu.

Watu wakaanza kuja. Akaja mfamasia, akaja mkunga, akaja mwalimu mstaafu wa hesabu aliyerekebisha jinsi programu ilivyohesabu umri wa watoto. Wakaja pia na ndimi zao kali, ikabidi ziandikwe kanuni za jamii: vifungu tisa vya namna ya kuishi pamoja, na kamati ya watu watatu, yeye akiwa mmojawapo, ya kuvisimamia. Vyote aliviandika yeye. Kifungu cha nne kilimchukua wiki mbili, akikigeuza kichwani huku akipanga foleni ya wagonjwa: Kanuni hizi zinamhusu kila mtu, mgeni kwa mwenyeji, awe amechangia neno moja au programu nzima. Alipokimaliza alimsomea mumewe, fundi wa mafriji, aliyekuwa anakula.

"Kimekaa vizuri," alisema mumewe. "Haya, nisogezee chumvi."

Nyundo hakukipenda kifungu hicho, na kila mtu alijua kwa nini. Zaidi ya nusu ya msimbo wa Kadi ulitoka mikononi mwake. Michango ya wengine ilipita mezani kwake kabla ya kukubaliwa, na alipoikataa aliikataa kwa maneno ya kumvua mtu nguo. Mwaka mmoja baada ya kanuni kutoka, mtu mmoja alilalamika. Kamati ikamwomba Bi Masijala aandike jibu, naye akaandika: Nyundo ni mkali wa maneno, lakini moyo wake ni safi. Hakujua lolote kuhusu moyo wa Nyundo. Aliandika tu kwa sababu sentensi ilitaka kumalizika hivyo. Yule mlalamikaji aliondoka, hakuonekana tena.

Miaka miwili ikapita. Jumanne moja, kopo lake la chakula liko wazi mbele yake, alifungua sanduku la barua la kamati akakuta barua ya mchangiaji aliyejiita Sisimizi. Alimjua kwa kazi yake. Alikuwa muuguzi wa kituo kingine mbali sana na pale, aliyejifunza kuandika msimbo mwenyewe. Mchango wake ulikuwa umekaa miezi minne bila kukubaliwa, nao ulikuwa mchango wa maana, kwani Kadi ilikuwa na tabia ya kuwachanganya watu wenye majina yanayofanana. Pale pale dirishani kwa Bi Masijala walishapita wanawake wawili wa jina moja na mwaka mmoja wa kuzaliwa, na muuguzi alikwisha kuivuta dawa kwenye sindano ndipo mgonjwa mwenyewe aliposema, "Hebu subiri, hiyo si ndiyo inayonivimbisha koo?" Sisimizi alikuwa ametibu kasoro hiyo. Nyundo alikuwa ameukalia mchango wake.

Ndani ya barua mlikuwa na picha kumi na moja za skrini ya simu. Za kwanza zilikuwa salamu na pongezi. Kisha maswali. Una mume? Sauti yako ikoje? Mbona picha yako hatuioni? Kisha picha ya Nyundo mwenyewe, ambayo hakuombwa, na ambayo Bi Masijala aliifunika haraka kwa kiganja kana kwamba wagonjwa wangeiona kupitia ukutani. Na ya mwisho: Mchango wako uko mezani kwangu. Utakaa hapo mpaka ujifunze kuomba vizuri.

Alilifunga kopo la chakula. Mate yalimjaa mdomoni, yale mepesi ya mtu anayekaribia kutapika. Alikwenda bombani akanawa mikono mara mbili, ingawa hakuwa ameshika kitu zaidi ya kipanya cha kompyuta. Alimjibu Sisimizi mstari mmoja, kwamba barua imefika na imesomwa, akawatumia wenzake wawili wa kamati wito wa kikao.

Walikutana kwa video Jumamosi saa nne asubuhi. Yeye alikaa chumbani, mlango ameufunga. Mwasisi alikuwa na rafu ya vitabu nyuma yake na sauti laini kama pamba. Wa tatu alikuwa wakili kweli kweli, na walimwita hivyo hivyo, Wakili. Alikuwa anatafuna karanga karibu na kinasa sauti, kila punje ikisikika inavunjwa, inasagwa, inamezwa.

"Dada yangu," alianza Mwasisi, "kwanza nikushukuru kwa moyo wako. Jambo hili limeniumiza sana."

"Limemuumiza muuguzi."

"Bila shaka. Ila tusiende pupa. Nyundo ana namna yake. Mkali wa maneno, lakini moyo wake ni safi. Haya si yangu, uliyaandika wewe."

Yalikuwa yake, neno kwa neno.

"Nilikosea," alisema Bi Masijala. "Na hizi si kelele za kazini. Umeziona picha?"

"Nimeona mbili tatu. Sikutaka kuendelea, ni mambo ya faragha."

"Ya faragha ya nani?"

Wakili alimeza. "Tuwe watu wa sheria," alisema. "Hisia tuziweke kando. Kanuni zetu zinaturuhusu kuliacha hili. Someni kifungu cha nne." Akasoma kwa sauti ya mahakamani: "Kanuni hizi zinamhusu kila mtu, mgeni kwa mwenyeji, awe amechangia neno moja au programu nzima, isipokuwa pale kamati itakapoona kwamba mchango wa mhusika ni wa lazima kwa uhai wa mradi."

"Rudia mwisho."

Akarudia.

"Hayo sikuyaandika mimi."

"Yamo," alisema Wakili, akachukua karanga nyingine.

Uzuri wa programu huria ni kwamba kila badiliko linaacha alama yake: nani kabadili, lini, na maelezo gani aliyaandika. Bi Masijala aliifungua historia ya ukurasa ule huku wenzake wakimtazama. Maneno yale yaliongezwa Jumatano, siku moja baada ya barua ya Sisimizi. Aliyeyaongeza alikuwa Mwasisi. Na kwenye maelezo ya badiliko alikuwa ameandika: Marekebisho madogo ya tahajia.

Aliyasoma mara tatu. Zile picha zilimchafua roho, lakini hapa alikutana na kitu kingine, uchafu uliofuliwa na kupigwa pasi. Mtu mzima, msomi, ameamka asubuhi, amepiga mswaki, ameketi akatoboa tundu la ukubwa wa Nyundo kwenye sentensi ya wiki mbili, kisha akasema amesahihisha herufi.

"Mwasisi," alisema, "tahajia?"

"Ni lugha tu, dada yangu. Tusikwame kwenye maneno."

Wakapiga kura. Wawili kwa mmoja, suala likafungwa. Na kabla hawajaagana Mwasisi akasema, kwa upole wa mtu anayekabidhi zawadi, "Jibu la yule binti tungeomba uliandike wewe. Wewe ndiye mwenye kalamu ya huruma."

Ajabu ni kwamba aliliandika. Mchana ule ule alikaa akaanza: Mpendwa dada, tumeupokea ujumbe wako kwa uzito unaostahili. Maneno yalikuja yenyewe, yamezoea njia. Tumesikitishwa. Tumetafakari kwa kina. Tunathamini. Alipofika mwisho aliisoma barua yote, nayo ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomtia kichefuchefu. Ilikuwa laini, ina huruma, haina hata koma iliyokaa vibaya, na ilikuwa inamwambia muuguzi wa watu arudi mezani kwa Nyundo akaombe vizuri. Akamkumbuka yule mlalamikaji wa kwanza. Aliona vidole vyake mwenyewe juu ya kibodi akavichukia, kama vidole vya mtu mwingine vilivyokutwa ndani ya sahani yake.

Aliifuta barua, akatoka uani.

Mumewe alikuwa amelifungua friji la mteja lililozimika na nyama ndani, wenye nyumba wakiwa safarini. Uvundo ulijaa ua mzima. Siku nyingine Bi Masijala angeufunga mlango na madirisha yote. Siku ile alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hatua tatu kutoka hapo.

"Leo vipi?" aliuliza mumewe, pua ameifunga kitambaa. "Wewe na harufu hii?"

Akamweleza yote, kasoro ile picha moja. Mumewe alisikiliza huku akikwangua.

"Huyo Nyundo anawalipa?"

"Hakuna anayemlipa mwenzake. Wote tunajitolea."

"Ana bunduki?"

"Bunduki gani tena, baba watoto?"

"Basi nieleze, maana mimi ni fundi tu. Mnaogopa nini?"

"Akiondoka, nusu ya kazi anaijua yeye peke yake."

"Msimbo si uko wazi? Si uliniambia yeyote anaweza kuufungua akauona?"

"Uko wazi."

"Sasa?" Akainuka na beseni la uozo, akaenda kulimwaga shimoni. Aliporudi, mkewe alikuwa amekwisha kuingia ndani kutafuta namba ya simu.

Sisimizi alipokea simu mlio wa kwanza.

"Mlikuwa mnaniandikia barua," alisema, hata salamu hazijaisha. "Ile ya tumesikitishwa."

"Niliiandika," alisema Bi Masijala. "Nimeifuta. Na miaka miwili iliyopita nilimwandikia mwenzako mwingine, ile sikuifuta."

Upande wa pili ilisikika toroli ya wodini ikipita.

"Angalau umesema ukweli," alisema Sisimizi. "Mimi sitaki jina langu litajwe, mama. Wala picha zisitoke. Nina watoto, nina wagonjwa, nina baba mzazi."

"Hazitatoka. Nimekupigia kuuliza jambo moja. Kile kifungu wamekibadilisha kwa siri. Nikikipigania hadharani bila kukutaja, itakudhuru?"

Sisimizi alifikiri. "Kifungu ni chako," alisema. "Kipiganie."

Jumatatu, saa ya chakula, Bi Masijala aliwasilisha mchango kwenye mradi wa Kadi kama mchangiaji mwingine yeyote, kwa kufuata Mwongozo nukta kwa nukta. Kichwa: Kurudisha kifungu cha nne kama kilivyokuwa. Nilichokikuta: maneno kumi na tano yameongezwa kwenye kanuni bila kujadiliwa. Nilichokitarajia: kanuni zisibadilishwe kwa siri. Hatua za kuliona tatizo: moja, fungua historia ya ukurasa, mbili, tazama badiliko la Jumatano iliyopita, tatu, soma maelezo ya badiliko, nne, tafuta kosa la tahajia lililosahihishwa. Hakuongeza neno.

Nyundo aliufunga mchango ule baada ya dakika nne. Sababu aliyoandika ilikuwa neno moja: Takataka.

Aliuwasilisha tena. Mwongozo ulisema mchango usifungwe bila sababu, na takataka si sababu. Ukafungwa. Akauwasilisha mara ya tatu, na safari hii wengine walikuwa wameamka. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Aliuliza kwa adabu: "Neno lipi lilikuwa limekosewa?" Mfamasia akauliza, "Neno lipi?" Mkunga akauliza. Kufikia jioni watu arobaini, wengi hawakuwahi kusema chochote jukwaani, walikuwa wameuliza swali lile lile.

Majibu mengine yalikuja nayo. Mmoja, mwenye jina la utani ambalo halikuwahi kuonekana kabla wala baada, alimwambia arudi kwenye makabati yake akazae na panya. Mwingine alieleza kwa kirefu angemfanya nini wakikutana. Bi Masijala aliyasoma yote, kwa sababu alikuwa bado mjumbe wa kamati na kusoma ndiyo kazi. Siku hizo hakula mchana. Binti yake wa sekondari alimkuta jikoni ameinamia sinki.

"Mama, si uachane nao tu? Zima mashine."

"Nikizima yanabaki yameandikwa, mwanangu. Atayasoma mtu mwingine peke yake."

Mwasisi alikaa siku tatu hajajibu. Ya nne alitoa tangazo. Lilikuwa refu. Lilisema Nyundo ameomba kupumzika kwa sababu za kifamilia. Lilimshukuru kwa miaka yake ya kujitoa mhanga, kwa ukarimu wake, kwa kuwalea wachangiaji wachanga. Neno kuwalea lilimfanya Bi Masijala ainuke kitini. Chini ya tangazo watu walipanga vipicha vya mikono inayopiga makofi na vya maua. Siku hiyo hiyo yale maneno kumi na tano yaliondolewa kwenye kifungu cha nne, kimya kimya. Maelezo ya badiliko yalisema: Usafi.

Angeweza kuishia hapo na kuhesabu ushindi. Mumewe alimwambia ahesabu. Lakini wiki iliyofuata toleo jipya la Kadi lilitoka, na ndani yake ile kasoro ya majina yanayofanana ilikuwa imetibiwa. Alifungua kuona. Ilikuwa kazi ya Sisimizi, mstari kwa mstari, mpaka lile kosa moja la kuacha nafasi pasipohitajika ambalo Sisimizi hulifanya kila mara. Aliyetajwa kuwa mwandishi ni Nyundo. Kabla ya kwenda kupumzika alikuwa ameichukua yote akaigonga muhuri wa jina lake.

Akampigia Mwasisi, mara ya kwanza na ya mwisho kwa simu.

"Nimeona," alisema Mwasisi. "Si vizuri. Lakini tazama picha pana, dada yangu. Wagonjwa hawachanganywi tena. Jina la nani liko juu, mgonjwa linamsaidia nini?"

"Basi liondoe la Nyundo uweke la Sisimizi. Kama halina maana, halitakuuma."

"Tukianza kufukua, hatutamaliza."

"Nami nimemaliza," alisema, akaikata simu. Mkono ulikuwa na jasho, akaifuta simu, akaufuta na mkono.

Alijiuzulu kwenye kamati kwa barua ya mistari miwili, isiyoshukuru mtu yeyote. Kisha yeye na wenzake wachache wakafanya kile ambacho programu huria humruhusu yeyote kufanya: wakachukua nakala ya Kadi nzima wakaanza upya kando. Walikuwa saba. Sisimizi ndiye aliyeshika msimbo, mwalimu mstaafu akamsaidia, mfamasia, mkunga na wengine wawili wakagawana yaliyobaki. Badiliko la kwanza kabisa lilikuwa kurudisha jina la Sisimizi kwenye kazi yake, na maelezo yalisema hivyo hivyo bila kupamba. Walikwama sana. Lile alilokuwa akilijua Nyundo peke yake kweli alikuwa akilijua peke yake, na iliwachukua miezi mitano kuelewa jinsi sehemu ya maabara ilivyoshonwa. Mara mbili programu ilizimika asubuhi ya kliniki, Bi Masijala akarudi kwenye kalamu na karatasi, foleni ikafika getini na watu wakamsema kwa sauti. Aliwaomba radhi mmoja mmoja dirishani. Leo vituo kumi na vinne vinatumia nakala yao. Vingine vyote, mamia, vinatumia ya Mwasisi.

Naye Nyundo alipumzika wiki sita. Mfamasia ndiye aliyemwona kwenye mradi mwingine, wa programu ya mashule, kwa jina jipya la utani lakini matusi yale yale, akipokelewa kwa maneno: Karibu mzee, tulikuwa tunakuhitaji. Bi Masijala aliwaandikia kamati ya huko kwa ruhusa ya Sisimizi, bila kutaja jina lake. Walimjibu kwamba hawashughuliki na yaliyotokea nje ya mradi wao, wakamtakia siku njema.

Mwaka jana mwishoni Mwasisi alifika kituoni mwenyewe. Alikuwa akizungukia vituo na mpiga picha, kwa ajili ya ripoti ya miaka kumi ya Kadi, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kituo hiki kilishahama. Ana kwa ana alikuwa mfupi kuliko kwenye video. Alisimama dirishani nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni, akingoja zamu yake, akitabasamu.

"Dada yangu," alisema alipofika mbele, "yaliyopita si ndwele. Tupige picha moja, wewe na mashine. Bila Mwongozo wako tusingefika popote, na nimeandika hivyo kwenye ripoti."

Bi Masijala alimtazama. Alitafuta hasira akakuta haipo, kilichokuwepo ni kile kinyaa cha droo ya kabati la saba tu, kikipanda taratibu kutoka tumboni.

"Hii si programu yenu," alisema. "Na jina langu utalitoa."

"Kwa nini tukosane, watu wazima?"

"Kwenye ripoti yako Nyundo umemwandikaje?"

Mwasisi alimtazama mpiga picha ambaye hakuelewa kitu. "Ni historia ya mradi," alisema. "Huwezi kumtoa mtu kwenye historia."

"Ndiyo maana nakuomba unitoe mimi. Sitaki kukaa naye ukurasa mmoja."

Nyuma ya Mwasisi mzee mmoja alikohoa, akauliza kama huyu bwana ana kadi au hana, maana wengine wamekuja tangu saa kumi na mbili. Mwasisi aliomba radhi akasogea. Alisimama kidogo ukumbini, kisha akaondoka na mpiga picha wake. Ripoti ilipotoka Bi Masijala aliisoma yote. Jina lake lilikuwamo, ukurasa wa tatu, kwenye aya moja na la Nyundo, pamoja na shukrani.

Aliwaandikia walitoe. Hawakulitoa. Kila mwezi, siku ya kwanza, saa ya chakula, anawaandikia tena: nilichokikuta, nilichokitarajia, hatua kwa hatua. Kisha anafungua kopo lake na kula, maana sasa anakula, na saa nane kamili anafungua dirisha.